Matanga ya Wendo

Lambwe, Homa Bay
9 Februari 2025

Mjukuu wangu Joyline,

Pokea salamu zangu, mimi Dani, bibi yako mzaa baba. Namsalimu pia Matroni Marcella, kwa maana najua bahasha hii ameifungua yeye kabla yako. Matroni, hujambo? Soma tu, humu hamna mpenzi, ni habari ya msiba.

Usishtuke. Watu wetu wote ni wazima. Tuliyemzika hatumjui.

Ilikuwa hivi. Mafundi walikuwa wanachimba shimo la choo kipya nyuma ya nyumba. Walipofika pale udongo unapogeuka mweupe na kuwa mgumu, sururu ikagonga mfupa. Wakakwangua kidogo, mbavu hizo. Kisha mfupa wa paja, mnene huo, weh! Nikawaamuru watoke shimoni mara moja. Yaani mtu amelala bomani mwangu bila kuliliwa, nami nataka kumjengea choo kichwani? Ingawa kichwa chenyewe hatukukiona.

Babu yako Barnabas akaja mbio. Unamjua shemeji yangu huyo, jambo lisipomhusu ndipo anapowahi. Akachungulia, akatangaza kwamba huyo ni Mkuria aliyekuja kuiba ng'ombe zamani, wazee wakamkata kichwa. Nikamjibu mbele ya watu wote: "Shemeji, kama ni Mkuria, basi ni mkwe wangu, na mkwe wangu halali chooni." Mwambie mama yako Robi neno hilo. Najua atacheka, na ndugu zake Wakuria watacheka zaidi.

Basi tukamzika inavyopasa. Mifupa ilikuwa mizito ajabu, wanaume walihema kama wamebeba mawe. Nikasema huyu alikuwa jitu, watu wa kale walikula wakashiba. Mchungaji alikataa kuomba eti marehemu hana jina. Nikampa jina papo hapo. Nimemwita Wendo, na kwa kuwa Kijaluo chako hakitoshi hata kununulia nyanya, nakufasiria: maana yake mgeni. Nikachinja mbuzi, tukaimba, nikalia. Nililia hadi wanawake wakaanza kuulizana kama nilikuwa namjua.

Shimoni walitoa pia mawe yenye makali. Moja nimelipeleka jikoni, linakwangua masizi ya sufuria kuliko waya wa dukani.

Soma kwa bidii. Hakuna boma lingine Lambwe lililomzika mtu asiye wake kwa heshima kama ile, na ujisifu kwa hilo.

Ni mimi mke mwenzako,
Dani Bathsheba


Suna, Migori
20 Februari 2025

Kwako Dani,

Shikamoo. Matroni anasema hajambo, na anauliza mbuzi alikuwa na mafuta kiasi gani.

Dani, barua yako niliisomea bwenini na wenzangu wakacheka hadi taa ikazimwa. Lakini nilipofika kwa yale mawe, niliacha kucheka. Wiki hii hii Mwalimu Mohamednur anatufundisha asili ya binadamu. Alituchorea ubaoni mawe ambayo watu wa mwanzo kabisa walikuwa wanayachonga ili wapate makali. Dani, yale yako ndiyo yale! Na mifupa ikiwa mizito kama jiwe ni kwa sababu imekuwa jiwe. Hiyo haitokei kwa mtu aliyekufa wakati wa kuibiana ng'ombe. Hiyo inachukua miaka malaki, hata mamilioni.

Nilimpelekea mwalimu barua yako mbio, akaisoma akiwa amesimama. Anamjua Daktari Mwanamvita, mtaalamu wa makumbusho anayechimba vitu vya kale upande wetu wa ziwa. Anauliza, utakubali Wendo afukuliwe aangaliwe?

Mwalimu pia alisema jambo ambalo sijaacha kuliwaza. Alisema chokaa iliyo ndani ya mifupa yetu ilipikwa ndani ya nyota, kabla jua halijakuwepo. Nyota zikapasuka, vumbi lake likawa dunia, na dunia ikawa sisi. Nilishika kiwiko changu darasani kama mjinga. Hapa shuleni wengine wananiita nusu-nusu, kwa sababu Wajaluo wananiona Mkuria na Wakuria wananiona Mjaluo. Siku hiyo sikujali hata kidogo. Je, kama mtu wa kwanza alitoka kwetu, Dani? Nusu yake ingekuwa ya nani?

Nakuomba ukubali.

Mjukuu wako,
Joyline


Lambwe, Homa Bay
2 Machi 2025

Joyline,

Hapana.

Mwambie mwalimu wako kwamba nimefundisha Kiswahili shule ya msingi hadi nikastaafu, na nyota sijawahi kuziona zikipika chochote. Kupika ninapika mimi. Lakini hilo si la kunikasirisha, mwalimu ana ruhusa ya kusema maajabu. Kilichonikasirisha ni neno "afukuliwe" ulivyoliandika kirahisi, kana kwamba ni viazi.

Kaa chini nikuambie kitu ambacho baba yako hajakuambia. Pale nyuma ya nyumba, penye kaburi la babu yako Omanga, ambapo umekuwa ukiweka maua kila Krismasi, Omanga hayupo. Alikwenda Tanzania kuchimba dhahabu, mgodi ukamfunika yeye na wenzake, wenye mgodi wakafukia wakaondoka. Hatukupata hata kiatu. Na sisi mtu wetu asipopatikana hatumwachi bila kaburi. Tunachukua tunda la mwegea, lile refu lining'inialo, sisi tunaliita yago, tunalivika nguo zake, tunalilaza kaburini na kulililia kama mtu. Nimelala kando ya tunda miaka yote hii. Nililililia kidogo tu, maana macho yalikataa.

Basi mafundi walipotoa ile mifupa nikajiambia: Bathsheba, huyu naye ana mke mahali, alingoja akachoka. Mzike wewe. Na huko Tanzania labda kuna mwanamke mwenye moyo, naye akimpata wako atamzika. Nimemlaza Wendo ubavuni pa Omanga. Nikamwahidi kwa mdomo wangu kwamba hatasumbuliwa tena. Sasa nimwambie nini? Kwamba mke mwenzangu anataka alama nzuri darasani?

Matroni, samahani kwa sauti.

Dani


Suna, Migori
14 Machi 2025

Dani wangu,

Nimelia. Matroni Marcella pia alilia, akanipa barua ikiwa na alama za vidole vyake. Sikujua habari ya Babu. Nisamehe kwa lile neno.

Sitaki alama. Lakini kuna swali limenikaa, na nisipokuuliza litanila. Huyo mwanamke wa Tanzania, kama kweli yupo, na amemzika Babu bila kujua ni nani. Akitokea mtu mwenye ujuzi wa kumtazama Babu na kusema, huyu ni Omanga wa Lambwe, mke wake ni Bathsheba, je, ungetaka yule mama akatae kufungua kaburi kwa sababu ya ahadi?

Mimi ningetaka afungue. Ukisema bado hapana, sitauliza tena.

Mke mwenzako,
Joyline


Lambwe, Homa Bay
23 Machi 2025

Joyline,

Umenishika mahali pabaya. Nani alikufundisha kubishana hivi? Si baba yako Levis.

Waje. Lakini waje ukiwa umefunga shule, ili na wewe uwepo. Wabishe hodi kaburini kwanza. Wasimbebe kwa gunia, wamfunge kwa shuka zangu. Na kwenye karatasi zao waandike Wendo, wasiandike namba peke yake.

Dani


Lambwe, Homa Bay
11 Mei 2025

Mke mwenzangu Joyline,

Tangu mrudi shuleni boma limepoa. Bado namwona Daktari Mwanamvita akipiga magoti na brashi yake, akisema "hodi, Mzee Wendo" kama nilivyomwagiza. Mwanamke mwenye adabu yule. Ila nilimwona akigeuza ule mfupa wa paja, akakutazama, nawe ukatazama chini. Nikajua amestaajabu.

Sasa nieleze, wamesemaje? Namba ya mwalimu wako ndiyo waliyochukua, kwa hivyo habari itaanzia kwenu. Hapa sisi hatukungoja. Nimechongesha kibao, fundi amekipaka rangi ya buluu na maandishi meupe: HAPA ALILALA MTU WA KWANZA. BOMA LA MAMA BATHSHEBA. Kiko barabarani. Wanaokwenda mbugani Ruma wanapunguza mwendo wasome. Kanisani nilisimama wakati wa ushuhuda nikasema, ninyi nyote mnaojidai na koo zenu, mababu zenu walitokea nyuma ya nyumba yangu karibu na migomba, kwa hivyo mkipita mnisalimie vizuri. Mchungaji aliniuliza na Adamu je. Nikamwambia Mungu hakuandika alimfinyanga kwa udongo wa wapi, na udongo wa Lambwe kila mtu anaujua.

Barnabas hasemi siku hizi. Raha iliyoje!

Andika upesi.

Dani, mwenye boma


Suna, Migori
20 Mei 2025

Kwako Dani,

Shikamoo. Sisi ni wazima. Mvua imenyesha sana huku Suna, uwanja wa michezo umejaa maji na tumepumzika mbio. Mama alikuja kuniona, akaniletea ndizi na mafuta ya nywele. Mtihani wa kati ya muhula unaanza hivi karibuni. Hisabati inanipiga lakini nitaipiga pia.

Kuhusu Wendo, wataalamu bado wanapima. Vitu hivi huchukua muda. Labda kile kibao ungekiweka ndani kwanza, mvua isije ikaharibu rangi.

Matroni anakusalimu.

Joyline


Lambwe, Homa Bay
1 Juni 2025

Joyline,

Kiboko.

Nimeambiwa na Barnabas, sokoni, mbele ya wauza omena. Amepata kwa mpwa wake anayewapikia wachimbaji. "Shemeji, pole kwa kufiwa na kiboko." Soko zima likaangua kicheko. Sasa watoto wakiniona wananguruma. Naitwa mjane wa kiboko.

Hilo nitalimudu, nimedhihakiwa na watu wazito kuliko Barnabas. Lakini nimeitoa barua yako nikaisoma tena. Uliandika mvua isije ikaharibu rangi. Ulijua, na ukaniacha nisimame barabarani na kibao changu. Nilidhani wewe na mimi tunaambiana.

B. A. Omanga (mstaafu)


Suna, Migori
8 Juni 2025

Dani,

Nilijua. Daktari alimwambia mwalimu wiki moja baada ya shule kufunguliwa. Kwa kweli hata Aprili, aliponitazama pale shimoni, nilihisi. Niliogopa. Mimi ndiye niliyekubembeleza ufungue kaburi, mimi ndiye niliyekutia aibu hii. Nilitaka nikuambie uso kwa uso likizoni, nikajidanganya kwamba kuchelewa si kuficha. Nisamehe, mke mwenzangu. Ukitaka kunichapa nitakuja na fimbo mwenyewe.

Lakini Barnabas alisikia nusu. Tafadhali soma nusu ya pili kabla hujachana.

Daktari ametuonyesha picha za zile mbavu. Zina mistari mifupi, iliyonyooka, imekaa pamoja pamoja. Jino la fisi halichori hivyo. Ni alama za kisu, Dani, na kisu chenyewe ni yale mawe. Mtu alikaa pale nyuma ya nyumba yako, zamani palipokuwa na maji na majani, akakata nyama ya yule kiboko. Si mmoja, walikuwa wengi, kwa sababu mtu mmoja hawezi kumaliza kiboko. Walikata, wakagawana, wakala. Daktari anasema ni zaidi ya miaka milioni mbili. Hajui kama tuwaite watu kamili au ndugu wa karibu wa watu. Mifupa yao wenyewe haijaonekana hata kidole. Lakini walikuwepo, na kazi ya mikono yao ipo.

Anataka kuja kuwaeleza watu wote kwenye baraza ya chifu, tarehe kumi na mbili Julai. Anauliza kama yapo mawe mengine yaliyobaki. Mimi sitakuwepo, tutakuwa shuleni. Nakuomba uende, Dani. Usijifungie.

Ninayekupenda,
Joyline


Suna, Migori
29 Juni 2025

Dani,

Hujajibu. Matroni anaangalia sanduku la barua kila siku hata kabla sijamuuliza.

Joyline


Lambwe, Homa Bay
13 Julai 2025

Mke mwenzangu Joyline,

Nimenyamaza kwa sababu nilikuwa nafikiri, na mimi nikifikiri siandiki. Sasa kaa vizuri. Matroni, vuta kiti na wewe.

Jana nilivaa gauni langu la kitenge cha kijani na viatu vya kanisani. Nikamfunga mbuzi dume kamba, nikamvuta hadi kwenye baraza. Watu wakanong'ona. Daktari Mwanamvita alieleza vizuri, akaonyesha picha, na kila aliposema kiboko watu walinitazama na kufinya midomo. Alipomaliza, Barnabas akasimama kuuliza swali. Swali lake lilikuwa hili: "Daktari, matanga ya kiboko huchukua siku ngapi?" Chifu mwenyewe alicheka, alificha uso kwenye kofia.

Nikasimama. Joyline, sauti ilikuja, ile ya kunyamazishia darasa la nne.

Nikasema: "Barnabas, ndugu yako Omanga alipofia mgodini, ulisimama wapi?" Sikumngoja ajibu. "Ulisimama kando yangu tukizika tunda. Ulilia wewe, nilikuona. Ulikuwa unalilia tunda?" Nikawageukia watu. "Hapa kwetu tukimkosa mtu hatusemi hakuwepo. Tunazika kitu badala yake, na anahesabiwa amefika nyumbani. Sasa huyu daktari msomi anatuambia kwamba watu wa mwanzo walikaa bomani kwangu wakala, na mifupa yao haipatikani. Hakuna aliyewalilia tangu dunia iumbwe. Mimi nilimkosa mtu, nikazika kiboko wake. Kosa langu liko wapi?"

Mtu wa nyuma akasema, "Hakuna!" Nikajua nimewapata. Nikaendelea, kwa nini nisiendelee? Nikawaambia lile neno la mwalimu wako, maana kumbe halijanitoka. Nikasema chokaa ya mfupa ilitoka nyotani. Kiboko akaipata kwenye majani. Wendo, yaani yule mtu wa mwanzo, akamla kiboko, ikawa mfupa wake. Wendo akafa akawa udongo, udongo ukanipa viazi, na viazi vimewalea watoto wangu na wajukuu wangu, akiwemo mmoja ambaye wenzake wanamwita nusu-nusu. Nikasema yule mtoto si nusu ya kitu chochote. Ni mzima, kuanzia nyotani hadi Suna. Na asiyekubali aende akalime mahali ambapo hakuna mtu aliyemtangulia, kama atapaona.

Kisha nikatoa jiwe langu mfukoni. Ndiyo, lile la kukwangulia sufuria. Daktari akashika kichwa. Nikamwambia asubiri, nitampa, lakini kwanza liseme lenyewe. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa pale nyuma. Nikalishika, kidole gumba kikaingia penye kibonyeo kama kimeitwa, nikakata paja mbele ya chifu, na ngozi, na nyama, hadi kwenye mfupa. Weh, linakata! Daktari alikuwa anapiga kelele "taratibu, Mama, taratibu," huku machozi yanamtoka. Baadaye aliniambia wao huchonga mawe mapya kwa majaribio, hawathubutu kugusisha ya kale hata karatasi. Nimekubali nimekosea. Lakini waliolichonga walilichonga likate, na sasa kijiji kizima kimeona linakata. Tuligawana nyama ile tukala wote, na Barnabas alikula zaidi ya mtu yeyote.

Jiwe sasa liko kwa Daktari, limefungwa kwa pamba. Karatasi yake imeandikwa Wendo, nimesoma kwa macho yangu. Jina silibadilishi, ingawa naona kwamba wageni ni sisi. Kibao nimekipaka rangi upya: HAPA WALIKULA WATU WA KWANZA. KARIBU. Wapitao wakisimama ni Barnabas anayewaeleza, tena anasema "boma letu." Namwacha. Hata uongo wake una fahari siku hizi.

Nimekusamehe tangu siku ile uliyosema utaleta fimbo. Lakini usinifiche tena. Mimi nina umri wa kuambiwa.

Jambo la mwisho. Walipomchukua kiboko, lile kaburi lilibaki wazi, na kaburi haliachwi wazi na tupu. Leo alfajiri nilikwenda kando ya mto kwenye mwegea, nikachuma tunda, refu, zito, nikalivika shuka. Nikamlaza Wendo wa kweli pale pake, ubavuni pa Omanga. Jua lilipotoka nikalitemea mate na kuliomba litoke vizuri, kama mama yangu alivyofanya kila asubuhi kabla hajawa Mkristo. Nikawaza kwamba na wale watu wa kwanza walilitazama wakiwa wamekaa hapo. Ndipo nikamlilia babu yako. Macho hayakukataa safari hii.

Likizo ikianza, uje na Mwalimu Mohamednur, na Matroni naye aje, tumeshajuana vya kutosha. Viazi vipo. Mkifika, kabla ya kuingia ndani, pita nyuma ukawasalimu wote wawili. Babu yako hatakasirika ukianza na Wendo, yeye ndiye mkubwa.

Ni mimi mke mwenzako,
Dani Bathsheba, wa Lambwe